Mguu wa Kapaya

Muziki wa wakata-barafu wa Yakutia, kule Urusi, ulikuwa umemshikilia Mihambo kwa wiki nzima, na sasa ulikuwa umeanza kumwachia. Mwamvua, mkewe, hakuhitaji kioo cha mashine kumwambia hilo. Alikitazama kifua. Wiki iliyopita kilipanda na kushuka haraka, kama cha mtu aliyefukuzwa na mbwa. Leo kilipanda, kikasita, kikashuka, kisha kikakaa chini kikijiuliza kama kuna faida yoyote ya kupanda tena. Ndani ya utando wa nyaya uliomfunika kichwa chote misumeno iliendelea kulia, na mzee mmoja wa huko kwenye barafu akakohoa katikati ya misumeno. Siku ya kwanza hakuna aliyeweza kubahatisha kikohozi kile kingeangukia wapi. Sasa hata Mwamvua alikijua kabla hakijatoka.

“Amekaribia kuutegua,” alisema Daktari Elinipa. Alikuwa kijana mwenye macho ya mtu aliyesahau kitanda chake kilipo.

“Mpe mwingine.”

“Mwingine upi, dada Mwamvua? Ghala la muziki nimelifagia mpaka kwenye pembe.”

“Basi fagia tena!”

Alipiga kelele mpaka muuguzi wa chumba cha pili akachungulia.

Homa ya ubongo ilikuwa imekula kile kipande kidogo cha nyuma ya shingo kinachomkumbusha mtu kupumua. Mashine ya kusukuma hewa ingeweza kumjaza Mihambo mapafu mpaka siku ya kiama, lakini ubongo usiopewa kazi huzimika chumba baada ya chumba, kama nyumba ya watu waliohama. Ndipo ikabuniwa Tega. Waliiita hivyo kwa sababu inafanya kazi ya bibi mwenye vitendawili: inamtegea mgonjwa muziki asioujua, ubongo unahangaika kubahatisha mpigo ujao utatua wapi, na katika kuhangaika huko mapafu nayo yanavutwa yafanye kazi. Ubongo ukishaujua muziki, umetegua. Hapo kazi imekwisha, na pumzi nayo inakwenda zake.

Muziki wa kutungwa na kompyuta haukufaa kitu. Kompyuta zilitunga kwa kuchanganya yaliyokwisha kuimbwa, na ubongo uliutegua ndani ya robo saa. Ulitakiwa muziki ulioota wenyewe kwenye kona yake, usiosikiliza redio za watu. Na dunia ilikuwa imebakiwa na kona chache.

Mwamvua aliziendea zote. Yeye fundi cherehani, ambaye kabla ya hapo hakujua Serbia ni nchi au ni dawa ya mbu, alijifunza kuwabembeleza watu wa pande zote za dunia kwa simu na kwa mkalimani wa sikioni. Alipata kumbia, muziki wa dansi wa Monterrey kule Meksiko, iliyopigwa polepole kama redio iliyoishiwa betri. Alipata waimbaji wa Tuva, kule Siberia, wanaotoa sauti mbili kwenye koo moja, na aliposikia kwamba waimbaji hao nao wana tawi lao, na tawi lina kijitawi cha wanaoimba wakiwa wamelala chali tu, alilia kwa furaha. Alipata matarumbeta ya harusi ya Waserbia ambayo mpigaji wa mwisho huruhusiwa kukosea kwa makusudi. Kila mmoja ulimpa mumewe siku kadhaa, na Mwamvua aliichukia karibu yote. Ilimkwaruza masikio. Ilikuwa ya watu wengine, na misiba yao, na pombe zao.

Alichokipenda Mihambo kilikuwa mchiriku, vinanda vyake vichakavu na spika zinazopasuka. Huo sasa ulikuwa sumu. Siku moja simu ya mfagiaji ililia mchiriku ukumbini, na kifua cha Mihambo kikatulia kwa raha mpaka wakakimbilia kumfunga masikio. Mwamvua aliona uso wake siku ile. Ulikuwa umepumzika, na tangu hapo hakuweza kuusahau.

“Kwenu je?” aliuliza daktari. “Hakuna kitu ambacho hakijawahi kunaswa?”

“Kwetu Uzaramoni?” Mwamvua alicheka kicheko kibaya. “Kwetu kila kitu kimeshapigwa kwenye harusi mpaka kikachuja rangi.” Kisha kicheko kikamkatika. “Upo mmoja,” alisema. “Lakini ule ni wa maiti.”

*

Utani upo nchi nzima. Mnyamwezi au Msukuma akifa penye Wazaramo, watani wake watamcheka hata akiwa ndani ya jeneza, na mjane anayejua mila hatakasirika. Ila kishindo, muziki huo wa maiti, kilizaliwa kwenye kitongoji kimoja tu nyuma ya Maneromango, na hakikupata kuvuka mto. Shangazi yake Mwamvua, Bi Siwema, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kishindo. Mwamvua alimkuta uani akibangua korosho, vidole vimemwiva kwa utomvu.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba, mwana wa kaka. Mla michembe wako, Msukuma wa viazi vikavu, hajafa tu?”

“Bado, shangazi.”

“Wasukuma wagumu, wamefanana na ng'ombe wao.” Kisha akamwona vizuri, akaacha korosho. “Mbona umekonda hivyo? Kaa. Umekula?”

Mwamvua hakukaa. Alisema haja yake akiwa amesimama, kwa pumzi moja, na alipofika kwenye neno kishindo Bi Siwema aliinua mkono kumzuia.

“Unajua unachoomba?”

“Najua.”

“Hujui. Ungejua usingekisema mchana kweupe.” Bi Siwema alipangusa mikono kwenye kanga. “Sisi tunapiga mguu wa mtu. Mwendo wake, alivyokanyaga dunia. Tunaupiga kwenye udongo uliotoka kaburini mwake, tunaufuata mpaka pale mwenyewe angesimama, halafu tunaufunga. Ukishafungwa, hakuna anayeuiga tena, hata mtoto kwa mchezo. Nikimpigia Mihambo nimemzika. Kesho yake wewe ni kizuka, na yeye bado anapumua. Utakaa eda ya mtu aliye hai?”

“Shangazi, anakufa!”

“Basi akifa tutampigia vizuri. Mimi nampenda yule mtani wangu, usinione hivi.” Alisema hivyo machozi yakimlengalenga, na hilo lilimkasirisha Mwamvua kuliko kama angemtukana. “Leo tuna maiti yetu. Kapaya, yule Mnyamwezi fundi baiskeli, kafariki jana. Kaa tuzike, kisha urudi kwa mumeo.”

Akakaa. Na ndani ya kilemba chake, juu ya sikio la kushoto, kilikuwemo kinasa-sauti cha kile kituo alikolazwa Mihambo, kidogo kama punje ya mtama.

Waliumwaga uani udongo wa kwanza wa kaburi, karai zima, wakaunyunyizia maji kidogo mpaka ukaanza kujibu ukigongwa. Wanawake wanne, Bi Siwema akiwa mmojawao, walishika michi ya kutwangia. Mwamvua alikuwa amemwona Kapaya mara nyingi utotoni. Aliburuza mguu wa kushoto, tangu gurudumu la trekta lilipomkanyaga. Mchi wa kwanza ulipotua alishtuka. Ulikuwa ni yeye. Mguu mzima ulitua *dú*, kisha ukaja ule mkwaruzo wa kichwa cha mchi kikivutwa kwenye udongo, mrefu, halafu kimya kidogo cha mtu anayejivuta. Lakini mkwaruzo haukuwa na urefu mmoja. Kapaya alikuwa anapita kwenye mchanga, anavuka reli, anamwona mtu asiyetaka kukutana naye na anakata kona. Bi Siwema aliimba juu yake:

“Kapaya wee! Mguu mmoja umefika Tabora, mwingine bado unasubiri uji!”

Mjane alicheka mpaka akaanguka, na aliyemwinua alimkuta analia. Mwamvua naye alilia. Alikuwa anaiba, na alijua kwamba anaiba, tena kwa watu wake mwenyewe. Alipoona michi mitatu inawekwa chini na Bi Siwema anabaki peke yake kwa ajili ya kufunga, alijua mwisho umefika. Aliogopa mpigo ule wa kufunga usije ukamfunga hata Mihambo. Akapeleka mkono kwenye kilemba kama anayejikuna, akakizima kinasa. Kwa hiyo alichoondoka nacho ni mguu wa Kapaya ukiwa bado njiani.

*

Hakuna muziki uliowahi kumshika Mihambo namna ile. Kifua kilipanda mpaka shuka likasogea. Daktari Elinipa alizunguka kitanda akicheka peke yake, akiomba radhi kwa kucheka, akicheka tena.

“Hautegui! Unaona? Kila akidhani ameupata, mkwaruzo unabadilika. Na hauna mwisho, kwa hiyo anausubiri. Dada Mwamvua, anaishi kwa kusubiri.”

Mwamvua alilala usingizi wa kweli, kwenye kiti. Alipoamka alinunua chai na maandazi akala yote. Siku ya pili mashavu ya Mihambo yalipata rangi. Siku ya tatu shuka la miguuni lilianza kucheza, na daktari akasema ni jambo jema, ubongo umeanza kuamsha misuli.

Bi Siwema alikuja siku hiyo hiyo, na kapu la korosho, kwa kuwa mtani akiugua huendewa. Aliingia na mdomo wake kama kawaida.

“Haya, mla michembe, umetuchosha kukungoja! Kule kwetu tumeshagawana viatu vyako...”

Hakumaliza. Alikuwa anatazama shuka. Mguu wa kulia ulijikunja, ukakanyaga godoro. Kisha mguu wa kushoto ukafuata, mgumu, ukiburuzwa, vidole vikiwa vimegeukia ndani.

“Huyu ni Kapaya,” alisema Bi Siwema.

Mwamvua alivuta shuka kuifunika miguu ile. Alikuwa ameiona tangu asubuhi. Alikuwa ameiona, akageuka dirishani, akajiambia ni misuli.

“Umemnasa. Umemnasa mtu kwenye msiba wake, ukaja kumtia humu.” Sauti ya Bi Siwema haikupanda, ingepanda ingekuwa nafuu. “Mumeo yuko wapi, Mwamvua? Mimi namwona Kapaya amelalia kitanda cha watu.”

“Anapumua, shangazi.”

“Nani anapumua?”

Daktari aliingilia kati kwa adabu. Alieleza kwamba mwendo si muziki tu, ni amri kwa mwili. Kwamba ubongo wa Mihambo, katika kuuwaza mguu ule mchana na usiku, ulikuwa umeanza kuukalia kama mpangaji. Alikiri kwamba hakulijua hilo. Lakini pia, alisema, na hapa hakuweza kuizuia furaha yake, misiba haikosekani. Wakinasa mguu mwingine baada ya huu, na mwingine, Mihambo atadumu. Hata wale wenzake wa chumba cha pili watadumu.

“Atadumu akiwa nani?” aliuliza Bi Siwema.

“Akiwa hai, mama.”

“Na akiamka?”

Daktari alitazama viatu vyake. “Wa hali yake hawaamki, mama. Hilo tulimwambia dada tangu mwanzo.”

Kweli alikuwa ameambiwa. Mwamvua alikuwa amelisikia kama mtu anavyosikia bei ya kitu ambacho ameshaamua kukinunua. Sasa alikwenda mwisho wa kitanda, akakishika kile kifundo cha mguu wa kushoto kwa mikono miwili ili kisiburuzwe. Kilimshinda nguvu. Kiliburuzwa na mikono yake juu. Miaka yote aliyolala ubavuni kwa mtu huyu, akimpiga teke usiku aache kumnyang'anya shuka, mguu huu haukupata kumsukuma namna hii. Ulikuwa mguu wa mwanamume mgeni, na yeye ndiye aliyemkaribisha.

“Nimtoeje?” aliuliza.

“Kwa mguu wake mwenyewe,” alisema Bi Siwema.

“Huo anaujua kuliko kitu chochote,” daktari alisema upesi. “Atautegua palepale. Dada, nakusihi. Hiyo si dawa, hiyo ni...”

“Shangazi, mpigie wewe.”

“Mimi nawapigia waliokufa. Huyu hajafa, sitamzika mtu hai kwa mkono wangu.” Alivuta pumzi. “Lakini wewe ni Mzaramo uliyelala ubavuni kwa mtani wako. Nani anaujua mguu wake kuliko wewe? Hakuna kaburi lililochimbwa, kwa hiyo chukua udongo wa mlangoni kwenu. Na ukianza, umalize. Kapaya tumemfunga kule, wewe umemwacha njiani huku. Usije ukawafanyia hivyo wawili.”

*

Siku nzima iliyofuata Mwamvua hakwenda kuchukua udongo. Alikaa na mumewe, akamnyoa ndevu, akamkata kucha. Alimwomba Mungu, kisha akagombana naye. Mara mbili alimwambia daktari apeleke watu kwenye msiba wa kule Mzenga, ambao walisikia upo, wakanase mguu mwingine, na mara mbili akamrudisha kutoka mlangoni. Usoni Mihambo alikuwa Mihambo. Ila kila Kapaya alipokata kona, nyusi za Mihambo zilikunjamana kwa hila ya mtu anayemkwepa mwenziwe, na Mihambo hakuwa mtu wa kumkwepa yeyote. Hilo ndilo lililomwinua kitini.

Alirudi na udongo kwenye karai. Wakaumwaga sakafuni kwenye turubai, karibu na kitanda. Bi Siwema aliunyunyizia maji, akamkabidhi mchi, akarudi nyuma. Daktari alizima mguu wa Kapaya kwenye utando wa nyaya. Kifua kikashuka.

“Upesi,” alisema.

Kisigino cha Mihambo kilitangulia siku zote, kizito, halafu hatua ya pili ilikuja nyepesi, kama inaiomba ardhi radhi kwa ajili ya ile ya kwanza. Mwamvua alipiga. *Dú*, tá. *Dú*, tá. Mapigo yaliyumba, mwendo ukawa wa mlevi. Akafumba macho, akamwona akishuka treni ya jioni na mfuko wake wa vifaa begani, na hapo mikono ikamtii. Akamtoa stesheni. Akampitisha kwenye kokoto, ambako hatua zake hufupika. Akamsimamisha dukani kwa jirani, kwa sababu hakuweza kupita bila kusalimia, na akamngoja hapo, maana salamu zake zilikuwa ndefu.

“Mtani!” Bi Siwema alishindwa kujizuia. “Wacha domo, mkeo anakungoja!”

Mwamvua alifumbua macho. Chini ya shuka miguu miwili ilikuwa inatembea. Kisigino kizito, kisha hatua nyepesi. Wa kushoto haukuburuzwa. Alitoa sauti ambayo hakujua kama ni kilio au kigelegele, akaendelea kupiga. Wakavuka ubao wa mtaroni, yeye na mumewe, wakapanda kile kilima kifupi. Nyusi zilikuwa zimekunjuka. Kifua kilipanda kwa uvivu, kikashuka kwa uvivu zaidi.

“Simama hapo!” Daktari alikuwa analia waziwazi. “Usimfikishe, dada. Ukimwacha njiani atasubiri hatua inayofuata. Leo, kesho. Utampigia tena kutoka stesheni. Atabaki mwenyewe na atapumua!”

Mwamvua alisimama na mchi juu.

Mguu wa kulia wa Mihambo nao ulisimama, umeinuliwa kutoka kwenye godoro, unasubiri. Kifua kilivuta pumzi kikaishikilia. Daktari alisema kweli. Angeweza kumshusha treni kila siku, kumvusha mtaro, kumpandisha kilima, na kumwacha hapo. Alitaka. Asidanganye mtu, alitaka kwa moyo wote, na kama mguu ule ungetulia pale hewani pengine angefanya hivyo. Lakini haukutulia. Ulitetemeka kama wa mtu aliyebeba mzigo kutwa nzima na sasa amezuiwa mlangoni kwake.

“Amechoka,” alisema Mwamvua.

Akamalizia hatua zilizobaki. Kisha akaugeuza mchi, na kwa ncha yake nyembamba akagonga udongo mara mbili, polepole, kandambili moja na ya pili, jinsi Mihambo alivyozikung'uta matope kwenye kizingiti ili asimchafulie sakafu.

“Pole na kazi,” alimwambia. “Ingia.”

Mguu ulishuka, ukalala sawa na mwenziwe. Mashine ilianza kulia na daktari akaizima. Bi Siwema aliufungua mdomo kumtania mtani wake, kama ilivyompasa, akaufumba. Akavua kanga ya mabegani, akamfunika Mihambo miguu.